Mwalimu Aliyechukia "Hapo Tu"

Kila ninapofika mahali pageni, kabla sijauliza nitakula wapi wala nitalala wapi, natafuta kaskazini. Nimefanya hivyo Isiolo, nimefanya hivyo Marsabit na Kitui, na niliwahi kufanya hivyo kwenye harusi ya binamu yangu kule Malava, nimevaa tai, watu wakidhani natafuta choo. Aliyeniambukiza tabia hii ni mwalimu aliyekuwa jirani yetu. Nimezunguka sana maishani na kusahau watu wengi, lakini yeye hajanitoka, na ningependa wengine wamjue.

Alifundisha upimaji wa ardhi katika chuo kimoja cha ufundi mjini Kakamega. Sisi majirani tulimwita Mwalimu. Wanafunzi wake walimwita Madam, na walipotoka darasani walimwita majina mengine ambayo aliyajua yote na hakuyajali. Kati ya boma lake na letu palikuwa na mstari wa mkonge. Banda lake la kuku, lililopakana na migomba yake, lilikuwa limeegemea mkonge huo, na kuku wake walikuwa wametoboa njia chini yake, wakawa wanataga kwetu. Mama yangu aliyachukua mayai hayo bila kuuliza, na Mwalimu alichukua ndizi zetu zilizoinamia kwake bila kuuliza, na kwa mpango huo waliishi kwa amani miaka yote niliyokuwa nikienda na kurudi.

Hilo ndilo jambo la kwanza lililonishangaza kumhusu. Mtu aliyewafundisha vijana kutafuta mpaka wa shamba hadi wafikie upana wa kidole hakuwahi kuupima mpaka wake mwenyewe. Nilipomuuliza, alisema daktari naye huugua.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mkavu wa maneno. Alivaa gauni zuri na gambuti, hata kanisani, kwa sababu alitoka kanisani moja kwa moja kwenda kuangalia kazi za wanafunzi. Kofia yake ya ukindu ilikuwa imechanika upande mmoja, na aliivaa upande uliochanika ukiwa nyuma, ili jua limchome shingo wala si macho. Shingo, alisema, haisomi namba.

Kulikuwa na maneno mawili asiyoweza kuyavumilia: hapo tu. Kwetu kila kitu kiko hapo tu. Muulize mtu duka liko wapi, atanyoosha mdomo na kusema hapo tu, nawe utembee hadi viatu vichoke. Mwalimu alipoambiwa hivyo alisimama palepale. "Hapo tu ni wapi? Kuna mto? Kuna kanisa? Nyuma ya kanisa au mbele?" Mzee mmoja wa Khwisero, aliyeulizwa hivyo, aliamua ni afadhali amsindikize mwenyewe, na njiani kote akawa ananung'unika kwamba serikali imeanza kuwauliza watu maswali ya mtihani barabarani. Mwalimu alilisimulia hilo kwa furaha kubwa. Alisema huo ndio uliokuwa ushindi wake mkubwa mwaka ule.

Na bado mtu huyo alipotea mjini. Pale walipohamisha maduka ya nguo akatokea upande wa soko la mboga, akanipigia simu nimfuate. Hakutaka kutumia ramani ya simu. Nilimcheka hadi tukafika nyumbani, naye hakukasirika. Alisema kupotea ni sawa mradi ujue umepotea.

Hakuwa mtu wa kusifu. Masoroveya, yaani wapimaji wa ardhi, wakizunguka shamba kwa vipimo, lazima hesabu zao ziwarudishe pale walipoanzia, na zikirudi vizuri husema kazi imefunga. Mwalimu alilitumia neno hilo kwa kila kitu. Mahubiri mafupi yamefunga. Chai yenye tangawizi ya kutosha imefunga. Mwanafunzi akifanya kazi ya ajabu, alitazama karatasi, akasema "imefunga," akaondoka. Nimewaona vijana wakirukaruka kwa neno hilo moja kana kwamba wamepewa medali.

Mimi sikuwa mwanafunzi wake. Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza kubeba vyombo vya masoroveya na wajenzi wa barabara, na kazi hiyo ikanifaa kwa sababu kambi zake huhama. Mama aliwaambia watu, "Huyu mtoto yangu hakaangi. Ukimpea kiti, anauliza kitanda. Ukimpea kitanda, anauliza barabara." Wengine waliliona hilo kama kasoro. Mwalimu ndiye mtu wa kwanza kuliona kama kazi.

Ilikuwa siku moja mchana, nikiwa najiandaa kuondoka, mama akiwa amenipikia obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kuniaga. Mwalimu akapita kwenye mkonge badala ya kuzunguka langoni, akaketi bila kukaribishwa. Alikuwa ametoka kwenye mkutano wa bodi ya chuo. Mwenyekiti wa bodi, mtu mpole aliyejua kuongea, alikuwa amemwambia kwamba darasa la upimaji litafungwa. Alimwambia kwa heshima kwamba wanafunzi wake wengi wako nyumbani au kwenye bodaboda, kwamba wazazi wanauliza, na kwamba vyumba vyake vinatakiwa kwa masomo yenye kazi. Angeruhusiwa darasa moja zaidi. Darasa hilo likimaliza nalo likose kazi, basi.

Mama akasema pole. Mwalimu akasema si pole anayotaka. Kisha akanigeukia.

"Msafiri, safari hii unaenda wapi?"

Nikasema Isiolo, kwenye barabara.

"Wanangu wawili wako huko. Usiniambie kama ni wazima, hiyo wataniambia wenyewe. Niambie wanaulizwa nini kazini. Wanaulizwa nini ambacho sikuwafundisha."

Nikamwambia mimi si mtaalamu, ninabeba tu. Akasema ndiyo maana. Mtaalamu angemwambia anachotaka kusikia, kwa kumwonea haya. "Wewe unaonanga," alisema, "na huna mtu wa kuogopa."

Nilipofika Isiolo niliwakuta vijana wake wawili, wenye adabu na hodari wa hesabu. Msimamizi akampa mmoja wao chombo cha setilaiti, kile cha kusimamisha juu ya fimbo, akamwambia akaoneshe mahali kona ya barabara itakapopita. Kijana akakishika kama mwanamume aliyepewa mtoto wa watu kanisani. Chuoni walikuwa wamefundishwa kwa chombo cha zamani cha lenzi, kizuri, kilichong'arishwa, na hapo kambini hakuna aliyekitumia tena. Yule msimamizi hakumfukuza. Alimpa kazi ya kuandika majina ya madereva wa malori.

Nilimpigia Mwalimu nikiwa na wasiwasi, kwa sababu nilijua anavyokipenda chombo kile cha lenzi. Alikifuta mwenyewe kwa kitambaa laini kila Ijumaa. Akauliza: kona ilikuwa ya aina gani, namba alipewa kwa karatasi au ndani ya mashine, na msimamizi alitumia maneno gani. Nilimweleza nilivyoweza. Nikasikia baadaye kutoka kwa mama kwamba Jumatatu yake alikifungia chombo cha lenzi kabatini, akaenda kwa soroveya mmoja mwenye ofisi mjini, akamwomba wanafunzi wamfuate kila Jumamosi na kumbebea vyombo bure, mradi waviguse. Yule soroveya alikuwa amewahi kumpinga hadharani kwenye mkutano fulani, na wawili hao hawakuwa wakisalimiana. Mwalimu akaenda, akasalimu, akaomba. Mtu mwenye kiburi kile.

Safari iliyofuata nilikuwa Kitui, kwenye bonde lenye miti, tukifuata njia ya bomba la maji. Huko nikaona kinyume chake. Kijana kutoka chuo kingine alijua kubonyeza kila kitu, lakini tulipoingia chini ya miti mikubwa chombo kikapoteza setilaiti zake, kikawa kinalia kama kifaranga, naye akakaa juu ya jiwe kusubiri. Kazi yetu ikasimama mpaka alipotafutwa mzee mwenye chombo cha lenzi. Nikampigia Mwalimu, na safari hii nikamsikia akicheka. Akalifungua kabati.

Tangu hapo aliwapeleka wanafunzi ndani ya msitu wa Kakamega, ambako majani ya juu hufunika mbingu kabisa. Waliingia na chombo cha setilaiti, kikawafia njiani kama alivyotaka kiwafie, wakalazimika kutoka upande wa pili kwa lenzi na hesabu. Wazazi wengine walilalamika kwamba watoto wao wanarudi na kupe. Mwalimu akawajibu kwamba kupe hutoka, ujinga ndio hukwama.

Niliendelea kumpigia. Nilijifunza kutazama kazi za watu kwa macho yake, na sitaficha kwamba jambo hilo lilinipa kichwa kikubwa. Mtu wa kidato cha nne, mbeba fimbo, akiketi jioni na chai yake akimweleza mwalimu wa chuo somo gani limepungua, naye asubuhi akalibadilisha. Nimefanya kazi nyingi katika kuzunguka kwangu, na hiyo ndiyo pekee ambayo sikuiacha.

Habari iliyombadilisha zaidi haikuhusu chombo chochote. Ilitoka karibu na nyumbani, huko Lugari, kwenye yale mashamba makubwa ya mahindi ya zamani. Niliona masoroveya vijana, wenye vyombo vipya na elimu safi, wakifukuzwa na mwenye shamba aliyeshika jembe. Hawakuwa wamekosea kipimo. Walikuwa wameingia shambani bila kubisha hodi. Nilipomsimulia, Mwalimu alisema polepole, "Hiyo hata mimi sifundishi." Akaifanya kuwa sheria katika darasa lake la mwisho. Kila kikundi kitafute mtu mwenye shamba la kweli na shida ya kweli, na alama ya mwisho itolewe na mtu huyo. Apewe ramani mkononi, aende peke yake, afike kwenye jiwe lake la mpaka. Asipofika, mwanafunzi amefeli, hata kama hesabu zake ni safi kiasi gani.

Walimu wenzake walisema amechanganyikiwa. Mwenyekiti wa bodi aliuliza kama wakulima watafundishwa kusahihisha mitihani.

Aliyeumizwa na sheria hiyo kwanza ni Nafula. Alikuwa mwanafunzi bora wa darasa hilo, msichana mwenye sauti ya chini na kichwa kinachokimbia. Yeye na wenzake walipewa shamba la miwa huko Mayoni, la mama mmoja mjane, Mama Zaituni. Walirusha droni ya yule soroveya juu ya miwa, wakapiga picha, wakachora kwa kompyuta ramani nzuri ya rangi, kingo za miwa zimenyooka kama zimekatwa kwa wembe. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani siku hizo, Mwalimu akanichukua tukaenda pamoja.

Mama Zaituni alitupokea vizuri. "Asalaam aleikum, karibuni, ingieni kivulini." Akaitazama ile ramani, akaigeuza, akaitazama tena.

"Hii ni miwa," akasema. "Shamba langu liko wapi?"

Nafula akamwonesha kingo. Mama Zaituni akatikisa kichwa. Ukanda wa upande wa mto ulikuwa wake, lakini alikuwa amempa shemeji yake alime, miaka mingi sasa, kwa sababu shemeji alikosa pa kulima. Miwa ya shemeji ilikuwa imeungana na ya jirani. Kutoka angani kila kitu kilionekana kuwa cha jirani. Kwa ramani ile, Mama Zaituni alikuwa amepoteza ukanda wake wote, na shemeji pia.

Mwalimu akamwomba atoe alama.

"Mimi sijuangi kupea watoto alama," Mama Zaituni alisema. "Ni wazuri, wana heshima. Lakini hawakuniuliza."

"Hiyo ni alama," Mwalimu akasema, akavaa kofia yake.

Nafula alilia kwenye gari tulilorudi nalo, waziwazi, kamasi na yote. Mwalimu hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba droni huona miwa, haioni mapatano, na mapatano ndiyo sehemu kubwa ya ardhi ya kwetu. Kisha akampa leso yake. Nilimwona akitazama nje ya dirisha kwa namna ambayo nilijua naye amejilaumu, kwa sababu darasa hilo ndilo lililopaswa kumwokoa.

Walirudi Mayoni. Safari hii walianza kwa kuketi. Walikunywa chai, wakamwita shemeji, wakamwita jirani, wakatembea na wote watatu kando ya mto wakiuliza nani analima wapi na tangu lini na kwa ruhusa ya nani. Jiwe la zamani lilipatikana ndani ya matope, chini ya mizizi ya miwa. Ramani ya pili ilikuwa na mistari miwili, mmoja wa umiliki, mmoja wa ulimaji, kila mmoja na rangi yake.

Siku ya alama Mwalimu alimwalika mwenyekiti wa bodi. Alikuja na viatu vyeusi vinavyong'aa, akasimama mahali pakavu. Mama Zaituni alipewa ramani. Akajitanda vizuri leso yake, akaingia kwenye miwa peke yake. Majani yakamfunika. Tukasubiri, tukisikia tu miwa ikisukumwa. Nafula alikuwa ameshika mikono yake miwili nyuma ya mgongo. Kisha tukasikia sauti kutoka huko chini, imetulia kabisa: "Nimesimama juu yake."

Mwenyekiti akavua viatu, akaingia na soksi kwenye matope akaone mwenyewe. Alirudi amelowa hadi magotini. Akamuuliza Nafula nani alimfundisha kuchora mistari miwili. Nafula akamtazama Mwalimu, kisha akanyoosha kidole kwa Mama Zaituni.

Yule soroveya wa mjini alimchukua Nafula kazini kabla hata vyeti havijatoka. Wenzake wakaenda kwa wakandarasi, kwa kampuni za maji, kwa ofisi za kaunti mbalimbali. Si wote; wawili walirudi kwenye bodaboda, na Mwalimu aliwataja kila mara alipopongezwa. Lakini darasa halikufungwa. Bodi ilimtaka achukue wanafunzi zaidi ya vyumba alivyokuwa navyo. Na mimi, nikiwa Marsabit, msimamizi mmoja akaniuliza nyumbani ni wapi. Nikasema Kakamega. Akauliza, "Kwa yule mwalimu wa kubisha hodi?" Nikasema ni jirani yangu. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nilirudi nyumbani majuzi, baada ya kukaa nje kwa muda mrefu. Mwalimu amestaafu. Macho yake yamepungua, na kofia ya ukindu sasa imechanika pande zote mbili kwa hiyo haijalishi aivae vipi. Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba yake, gambuti miguuni, na uwanjani kwake kumejaa vijana na fimbo na vyombo. Nafula alikuwa amesimama katikati yao. Yeye ndiye mwalimu wa somo hilo sasa.

Mama yangu akanieleza kilichokuwa kikiendelea. Kikundi kimoja kilihitaji mtu mwenye shamba wa kutoa alama, na Mwalimu alikuwa amejitolea mwenyewe. Amewatuma kwa watu miaka yote, alisema, sasa waje kwake. Walikuwa wamekunywa chai kwake na kwetu. Walikuwa wamemuuliza mama kuhusu mkonge, mama akawaambia kwamba ulipandwa na baba mkwe wake siku moja akiwa na haraka.

Aliyeongoza kikundi alikuwa msichana mwembamba, mwenye jasho usoni. Alishika ramani lakini hakumpa Mwalimu. Akamtazama Nafula. Nafula akatazama mawingu.

"Madam," msichana akasema hatimaye, "jiwe tumelipata. Liko kwa hiyo migomba yako, ndani. Mkonge ulipandwa vibaya." Akaonesha upande wa kuku. "Hiyo banda ya kuku iko upande ya jirani. Na migomba nusu."

Nilimwona msichana akisubiri, na nikajua anachosubiri. Alikuwa amemwambia mwanamke aliyelianzisha somo lake kwamba amekaa kwenye ardhi ya watu.

Mwalimu akanyoosha mkono, akachukua ramani, akaisogeza karibu sana na macho. Akainuka. Akaenda polepole, hakuna aliyemshika mkono, akapita kuku, akaingia kwenye migomba, akapapasa kwa gambuti hadi tukasikia mguu ukigonga jiwe. Akakaa huko kidogo. Alipotoka alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu.

"Imefunga," akamwambia msichana. Kisha akatugeukia mimi na mama. "Banda tunalihamisha leo."

Mama akakataa. "Mwalimu, mayai ya hiyo kuku tumekula mpaka meno yakaisha. Banda ikae."

"Likikaa, nimemfelisha huyu mtoto," Mwalimu akasema. "Mng'oe hizo nguzo."

Tukazing'oa. Wanafunzi upande mmoja, mimi na Nafula upande wa pili, tukalibeba banda zima kupita jiwe, na mtetea mmoja aliyekuwa akiatamia ndani akakataa kutoka, akabebwa akitulaani. Migomba mama aliiacha. Alisema ikizaa kila mtu atakata upande wake, kama zamani.

Nilipokuwa najipangusa mikono, Nafula akaniuliza safari hii naenda wapi. Alikuwa tayari ameshika simu yake kuandika namba yangu. "Wapo wetu huko?" akauliza. "Ukifika, tuambie wanaulizwa nini."

"Lodwar," nikasema, nikanyoosha mkono juu ya paa la banda jipya, kwa mzaha. "Hapo tu."

Mwalimu alikuwa ameinama, akiwamwagia kuku mahindi. Akanyanyuka, akanitazama, akautazama mkono wangu ulikoelekea. Akanishika kiwiko, akausogeza mkono kidogo tu upande wa kulia, akauachia.